Kwa Penseli

Walipokuja na ramani yao walinikuta mimi,
Hamenya, karani wa mizigo mstaafu,
nimekalia taruma la reli isiyo na treni.
Miaka thelathini na mmoja nilihesabu hapa
magunia ya saruji ya kwenda Kalemie,
mapipa ya mawese,
na vitanda kumi vya chuma vya bwana mmoja wa Uvira
ambaye mpaka leo hajaja kuvichukua.

Mhandisi ni binti, Editruda jina lake,
buti jipya, kofia ya njano.
Alikunjua karatasi juu ya boneti ya gari,
akaweka jiwe kila pembe,
maana upepo wa ziwa hili husoma barua za watu.

Hapa patakuwa na nyasi, alisema.
Hapa njia ya miguu. Hapa michikichi sita.
Winchi ya zamani tutaiacha, tutaipaka rangi,
watoto waione.
Nikaitazama winchi. Kutu imemla shingo
lakini bado ameinama vilevile
kama mtu aliyeahidiwa mzigo.

Na hapa?
Hapa mabenchi, mzee. Hatua nne kutoka majini.

Sikujibu. Nilimpeleka nyuma ya Bohari Namba Nne,
kwenye ukuta tunaoujua mimi na mijusi.
Mistari ile ya chokaa niliichora mwenyewe,
mmoja kwa kila mwaka ziwa lilipopanda kutuamkia:
huu wa magotini, huu wa kiunoni,
na huu wa juu, mwaka tulioingia ofisini kwa mtumbwi,
leja zangu zikielea kama bata.
Akapima kwa futi kamba. Akapima tena.
Mwanangu, nikamwambia, ziwa halina hati ya kiwanja
na halijawahi kushindwa kesi.
Chora.
Ila chora kwa penseli.

Kina Nyanzobe walikuwa wamesimama pembeni
na fagio zao za chelewa,
mchanga mzima umetandazwa dagaa
kana kwamba mtu amemwaga sindano.
Harufu, alisema bwana wa miwani kutoka halmashauri,
wageni hawataipenda.
Nyanzobe alicheka mpaka kanga ikafunguka:
Harufu hiyo ndiyo iliyokusomesha, baba!
Hilo halikuandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Ilichukua mwaka na miezi.
Saruji iliisha, ikaja, ikaisha.
Michikichi sita ikawa minne, kisha mbuzi wakaamua mitatu.
Lakini mabenchi yalipanda juu, hatua arobaini,
na chini yake wakaacha uwanja mtupu wa kokoto,
ziwa likija lipate pa kukaa.

Jumapili ya kwanza nilivaa koti.
Nilikaa. Mbele yangu hapakuwa na behewa,
wala kuli anayebisha kuwa magunia ni tisini na nane.
Maji tu, na ng'ambo, milima ya Kongo,
ambayo sikujua ina rangi ile.
Miaka yote hiyo nilikuwa nimelipa ziwa mgongo,
nikihesabu vilivyotoka ndani yake.

Watoto wameshampa winchi jina. Wanamwita Babu Shingo.
Mjane wa fundi mitambo huja na kiti chake mwenyewe,
mabenchi hayaamini.
Wavulana wa Mwanga wanacheza mpira kwenye kokoto,
na mpira ukiingia majini
wanajadiliana kwanza ni wa nani.

Na benchi namba tatu, lile lenye jua la asubuhi,
limetandikwa mkeka, na juu ya mkeka, dagaa.
Mlinzi ana filimbi. Ameitoa mfukoni,
ameitazama, ameipuliza vumbi.
Kisha ameshika ncha moja ya mkeka,
Nyanzobe ncha ya pili,
wakaugeuza upande ulipobaki unyevu.

Nami nina kipande cha chokaa mfukoni.
Mvua za mwaka huu zimeanza mapema.